Mwaka Uliozidi

Jumatano ile Mardhiya alirudi nyumbani hakai wala hasimami. Alifungua friji akaifunga, akaenda dirishani kutazama maegesho ya magari ya Thamesmead ambayo hayajawahi kuwa na la kutazamwa, akarudi akafungua friji ileile. Mama yake, Bi Ghalia, alikuwa kwenye kochi anakunja nguo, na alimvumilia mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Mwana weye, umekanyaga siafu?"

"Sina kitu, mama. Mambo ya kazi tu."

"Kazi ya kuhesabu miaka ya samaki ndiyo ikutoe roho? Na samaki mwenyewe keshakufa!"

Bi Ghalia hakusema kwa ubaya. Tangu binti yake aipate kazi hiyo hakuna siku aliyoielewa, na kwa kweli hakuwa peke yake. Mtu akimuuliza Mardhiya anafanya nini, yeye akajibu kwamba anatafuta umri wa samaki, kwanza hufuata kicheko, halafu swali: kwani samaki ana cheti cha kuzaliwa? Hana. Ila ana mawe. Ndani ya kichwa cha samaki mna vijiwe vidogo vinavyomsaidia kusikia na kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Jiwe hilo hukua pamoja naye. Kiangazi, chakula kikiwa tele, huongezeka upesi na kuacha utepe mpana. Baridi ikiingia na njaa yake, huongezeka kwa shida na kuacha mstari mwembamba. Ukilikata jiwe hilo, ukalisugua mpaka likawa jembamba kuliko ukucha, ukaliweka chini ya hadubini, unaona pete ndani ya pete, kama kitunguu kilichokatwa. Kila pete ya baridi ni mwaka.

Ingekuwa hivyo tu, hata Bi Ghalia angeifanya kazi hiyo huku anakunja nguo. Tatizo ni kwamba samaki naye ana misukosuko yake. Akiugua, akikosa chakula katikati ya kiangazi, akitolewa maji haya akatiwa maji yale, jiwe huandika pete ambayo si mwaka. Wasomaji wa mawe wanaiita pete ya uongo. Jicho lisilozoea huihesabu, na samaki wa watu anazeeshwa bure.

Kwa sababu hiyo, kwenye maabara yao ndogo pale Woolwich, nyuma ya soko, kila jiwe lilisomwa na watu wawili. Wawili hao walikuwa hawaambizani. Hawakuambiwa samaki alikuwa na urefu gani, wala alivuliwa mwezi gani. Kila mmoja alikaa upande wake wa ubao uliowatenga, akasoma peke yake, akaingiza namba yake kwenye kompyuta, na namba zote mbili zikaenda kwa bosi wao, Leena, ambaye peke yake ndiye aliyeziona pamoja. Msomaji wa pili alikuwa Mardhiya. Wa kwanza alikuwa Kishor.

Kishor alizaliwa Tanga, mtoto wa duka la vitambaa Ngamiani, akaletwa Uingereza na wazazi wake angali kijana wa shule. Baridi yote ya London haikuweza kumfuta Kiswahili chake. Siku Mardhiya alipokuja kufanyiwa usaili, msichana mwembamba mwenye hijabu ya buluu, yeye alikuwa amekaa pembeni ya meza kimya, mpaka Kiingereza kilipomwishia yule binti.

"Unatoka Unguja au Pemba?" akamuuliza ghafla.

"Pemba. Wete."

"Basi samaki unawajua."

"Nnajua kuwala tu."

Alicheka mpaka akavua miwani, na kuanzia siku ile akamchukua. Mardhiya alikuwa ameondoka Pemba mtoto mdogo, mwaka ule wa machafuko watu walipokimbilia Shimoni, Kenya, na katika kuhamahama kote kulikofuata hakuna mtu mzima wa nje ya nyumba yao aliyewahi kukaa naye namna ile, saa nzima juu ya kijiwe kimoja, bila kuchoka wala kumtia haraka. "Jiwe usilikimbilie," alikuwa akimwambia. "Lisalimie kwanza." Mardhiya akawa anamwita Mwalimu, na hakulitamka jina hilo kwa mzaha hata mara moja.

Sasa, kilichomfanya afungue friji na kuifunga kilikuwa hiki. Kuna ziwa moja katika milima ya Wales, juu sana, mahali ambapo gari halifiki. Chama cha wavuvi wa huko kilipandikiza humo samaki aina ya trauti miaka miwili mfululizo, vifaranga wakipandishwa mlimani katika mifuko ya maji iliyobebwa mgongoni. Mwaka wa kwanza walileta vifaranga kutoka bondeni papo hapo. Mwaka wa pili waliwatoa mbali, Scotland. Kisha wakaacha, na miaka ikapita. Waliporudi kuvua wakakuta samaki wamo, ila ni wa kundi gani? Wa kwanza au wa pili? Walitaka kujua kundi lililostahimili, walete jingine la aina hiyohiyo. Kwa urefu haiwezekani kujua, maana kule juu chakula ni kidogo, na samaki mzee anaweza kuwa na umbo la mtoto. Yabaki mawe. Na tofauti ya makundi yale mawili ilikuwa mwaka mmoja tu.

Trei ya kwanza ya mawe hayo walikuwa wameshaisoma. Asubuhi ya Jumatano ile Leena alikuja akasimama katikati yao, akashika ubao unaowatenga.

"Hamkubaliani," alisema kwa Kiingereza chake cha haraka. Wazazi wa Leena walitoka Nairobi, lakini Kiswahili chake mwenyewe kiliishia kwenye majina ya vyakula. "Karibu kila jiwe mmepishana mwaka mmoja. Sisemi nani amezidisha. Lakini trei ya pili ikitoka hivi, mmoja wenu itabidi aache kusoma."

Hakumtazama yeyote. Hata hivyo wote watatu walijua ni nani aliyekusudiwa.

Kishor alikuwa haoni vizuri siku zile. Mwenyewe hakusema, na hakuna aliyemuuliza, ila Mardhiya alikuwa na macho yake. Alimwona anavyoshika simu karibu ya pua. Alimwona jikoni akimimina chai pembeni ya kikombe, kisha akaifuta haraka kwa mkono wa sweta, akatazama kama kuna mtu. Mkewe, Komal, alikuwa amefariki, na tangu hapo kazi ilikuwa ndiyo dunia yake. "Nyumbani nina redio," alizoea kusema, "hapa nina watu." Wakimtoa kwenye hadubini watakuwa wamemtoa mahali pekee pa kuamkia. Na atakayekuwa amemtoa si Leena. Atakuwa Mardhiya, kwa namba zake.

Alilijua kosa lilipo. Karibu na kiini cha kila jiwe la ziwa lile palikuwa na pete nyembamba, kali, iliyoandikwa siku vifaranga walipotikiswa mlimani ndani ya mifuko. Pete ya kuhamishwa. Yeye aliiacha. Basi Kishor ameihesabu, macho yamemdanganya akadhani ni baridi. Lakini papo hapo kilimjia cha pili, nacho ndicho kilichomnyima raha zaidi: je, kama mwalimu ndiye aliyeona sawa? Mtu huyu alianza kusoma mawe kabla yeye hajazaliwa. Nani amempa yeye kiburi cha kusema hii ni ya uongo na hii ni ya kweli?

Kesho yake ililetwa trei ya pili. Mardhiya aliweka jiwe la kwanza, akalisalimia kama alivyofundishwa, akahesabu, akapata sita. Mkono ukasimama juu ya kibodi. Upande wa pili wa ubao alimsikia Kishor akikohoa, kiti chake kikilia. Kwao Mardhiya, mtu mzima hasahihishwi. Ukimsikia amekosea sura msikitini unangoja, ukimwona amevaa kanzu kinyume unatafuta njia ya kumpitishia mtoto amnong'oneze. Kumwacha mwalimu wako aaibike kwa sababu yako, hilo halikuwa na jina nyumbani kwao, maana hakuna aliyewahi kulifanya.

Akaandika saba.

La kwanza lilimuuma. La pili halikumuuma sana. Kufikia adhuhuri alikuwa akiongeza mwaka mmoja mmoja bila kupepesa, na moyoni akijipa sababu: tukikubaliana hakuna wa kuondolewa, na samaki wenyewe, kama asemavyo mama, wameshakufa. Upande wa pili vidole vya Kishor viligonga kibodi kwa kasi aliyokuwa hajaisikia muda mrefu, na Mardhiya akafurahi, akadhani mzee amepata nguvu. Jioni waliagana mlangoni kwa bashasha ya watu waliofichana kitu.

Ijumaa Leena aliwaita ofisini kwake wote wawili. Alikuwa amekaa, amejishika kichwa.

"Nimefanya kazi hii miaka mingi," alisema, "na kitu kama hiki sijakiona. Mmepishana tena. Mwaka mmoja, karibu kila jiwe."

Mardhiya aliinua kichwa. Haiwezekani, alitaka kusema, ila angesemaje?

"Isipokuwa safari hii ni kinyume," Leena akaendelea. "Aliyekuwa anazidisha amepunguza. Aliyekuwa anapunguza amezidisha. Mmebadilishana! Mnaweza kunieleza?"

Mardhiya alitazama zulia na uso unamwaka moto. Alielewa papo hapo, na nadhani msomaji wa kisa hiki naye ameshaelewa. Walikuwa wamefanya kama watu wawili wa pwani waliokutana mlangoni, huyu anasema tangulia, yule anasema hapana tangulia wewe, mpaka wote wawili wamebaki nje. Yeye alimfuata Kishor, na Kishor, siku ileile, saa ileile, alimfuata yeye. Kwa upande wa Kishor palikuja kikohozi kirefu ambacho kilikuwa na kicheko ndani yake, ila si kicheko cha furaha.

"Jumatatu," Leena alisema, akiwa amechoka kuliko kukasirika, "mtakaa pamoja mbele yangu, msome mawe hayo kwa sauti. Nitakachokisikia ndicho kitakachokwenda kwenye ripoti. Na nitaamua nani abaki kwenye kiti chake."

Jumamosi Mardhiya hakuweza kukaa nyumbani. Alimwambia mama yake anakwenda dukani, akapanda basi mpaka Woolwich, na kutoka hapo akaendelea, treni hii na treni ile, mpaka akatokea Walthamstow, mwisho wa njia. Alipita soko lile refu lisiloisha, akanunua maembe ili asiende mikono mitupu, akaenda mbele, akarudi nyuma, akaipita nyumba ya Kishor mara kadhaa kama mtu anayetaka kuiba. Alichotaka kukisema alikuwa amekipanga vizuri kwenye treni: Mwalimu, nlibadilisha kwa sababu yako, na wewe ulibadilisha kwa nini? Ukweli tu, mimi na wewe.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema mlango ulipofunguliwa, na maneno yote yakamruka.

"Marahaba, mwanangu. Nani kakufukuza huko kwenu?"

Alimkalisha jikoni. Redio ilikuwa inazungumza peke yake. Kishor alichemsha chai yake ya tangawizi na iliki, na alipoimimina Mardhiya aliona jambo ambalo afadhali asingeliona: mzee aliweka ncha ya kidole ndani ya ukingo wa kikombe, akamimina polepole, na maji ya moto yalipokigusa kidole ndipo akaacha. Hakushtuka. Alikuwa ameshazoea.

"Basi," alisema Kishor akiketi, "wewe ulibadilisha kwa nini?"

"Nliona..." Mardhiya akazungusha kikombe. "Nliona labda weye ndo uko sawa."

"Uliona kwenye jiwe, au uliona kichwani mwako?"

"Kwenye jiwe."

"Aa. Na mimi vilevile. Nikaona labda wewe ndiye uko sawa." Akachekacheka. "Macho ya kijana haya, si mchezo."

Wakanywa chai. Wote wawili walikuwa wamedanganya na wote wawili walijua, na uongo huo ulikaa pale mezani baina yao na maembe. Mardhiya alijisikia vibaya mpaka kiti kikamchoma. Aliinuka akaosha kikombe chake, akaosha na sufuria ambayo haikuwa chafu, akakaa, akainuka tena. Kishor alimfuata kwa uso, si kwa macho. Aligeuza uso kule sauti ilikotoka.

"Jumatatu tuwe kitu kimoja, eh?" alisema mwishowe, taratibu. "Tusimpe Leena la kusema. Mimi nitaongoza, wewe utanifuata. Kama zamani, ulipokuwa unajifunza."

Mardhiya alisimama na taulo mkononi. Hakuwahi kumsikia mtu huyu akiomba kitu, na sasa alikuwa anamwomba yeye.

"Inshallah, Mwalimu," alisema.

Njia nzima ya kurudi Thamesmead neno hilo lilimkera. Ni neno zuri, lakini mtu akilitumia kukwepa, mwenyewe anajua.

Jumapili usiku ulikuwa bado haujaingia, naye alikuwa ameshapanga kabati lake, akalipangua, akalipanga tena. Bi Ghalia alikuwa jikoni anakanda unga wa chapati.

"Mama," Mardhiya alisema, "mtu mzima akikosea, unamwambiaje?"

"Humwambii. Unangoja afe."

"Mama!"

"Ndo tulivyolelewa sisi." Bi Ghalia alipiga donge la unga, akaligeuza. "Baba yako, Mungu amrehemu, aliendesha ile van hapa London na usiku haoni. Mie nimekaa pembeni yake najua kama haoni. Nasoma dua tu. Nikimwambia, ntamvunja moyo, si ndo kazi yake? Nkanyamaza."

"Kisha?"

"Kisha tukapanda ukuta wa watu, pale Plumstead. Alilia siku ile. Hakulia kwa ukuta. Alilia kwa vile aliniuliza, 'Ulikuwa unajua?' nami nkasema, 'Nlikuwa najua.'" Akachukua donge jingine. "Nipe mafuta hayo."

Mardhiya alimpa mafuta. Usiku ule hakulala vizuri, na Jumatatu alifika kazini mapema kuliko wote, akazunguka maabara akigusagusa vitu.

Leena alikuwa amewatolea hadubini ya pamoja, mashine kubwa ambayo hutumika kufundishia. Meza yake ni moja na jiwe ni moja, lakini ina jozi mbili za lenzi, wasomaji wanakaa wakitazamana, na wote wanaona kitu kilekile kwa wakati mmoja. Ndani ya picha kuna kishale kidogo cha mwanga wa kijani, kinachoendeshwa kwa kitufe cha pembeni. Mmoja ndiye anayekishika, na desturi ni kwamba anakishika mkubwa. Leena alikaa kwenye kompyuta, mgongo kwao. Yeye alikuwa anangoja kusikia namba tu.

Kishor alikuwa amevaa tai. Aliinamisha kichwa kwenye lenzi kama alivyofanya maisha yake yote, kwa starehe, mkono wa kulia ukapata kitufe bila kutafuta.

"Kiini," alisema, na kishale kikasimama katikati ya jiwe. Karibu na katikati. "Sasa pete ya kuhamishwa. Hiyo naiacha."

Mardhiya alishtuka. Anaiacha? Kumbe hakuwahi kuihesabu! Basi mwaka ule uliozidi umetoka wapi?

"Baridi ya kwanza," alisema Kishor.

Kishale kilikuwa kimesimama mahali peupe. Mardhiya alitazama, akafumba macho, akafumbua akatazama tena. Palikuwa ni utepe mpana wa kiangazi, hapakuwa na mstari wowote, hata wa kubahatisha. Baridi ya kwanza yenyewe ilikuwa mbele kidogo, wazi kabisa, mtoto angeiona.

"Baridi ya pili." Kishale kikaruka hatua ileile, kikatua mahali pengine patupu. "Ya tatu."

Hapo ndipo alipojua. Mwalimu hakuwa anazisoma pete vibaya. Hakuwa anaziona kabisa. Alikuwa anakwenda kwa mazoea, kipimo kilekile kila mara, kwa kumbukumbu ya maelfu ya mawe aliyoyasoma zamani, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake taa zimezimika. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya uhakika, sauti ileile iliyomfundisha. Ya nne. Ya tano. Ya sita. Mardhiya alikaza meno. Jiwe lilikuwa limekwisha. Kishale kilifika ukingoni, kikaupita, kikasimama nje, kwenye gundi tupu iliyolishikilia jiwe.

"Na ya saba," alisema Kishor, "hapo mwishoni."

Leena aliandika. "Mardhiya? Unakubali?"

Ng'ambo ya mashine, Kishor hakuinua kichwa. Alisema kwa Kiswahili, chini kwa chini, kwa sauti ambayo Mardhiya hakuwahi kuisikia kwake:

"Sema ndiyo, mwanangu."

Leena asingejua. Neno moja tu, na mzee angerudi kwenye kiti chake, na wavuvi wa Wales wangeletewa samaki wasio wao, na nani angekufa? Mardhiya alifungua mdomo kulisema. Alimpenda mtu huyu. Alimpenda kuliko alivyowahi kujiambia, na ilikuwa kwa kumpenda huko ndipo alipomwona kesho, na kesho kutwa, amekaa upande wake wa ubao akihesabu gundi, na yeye upande wa pili anajua.

"Mwalimu," alisema. Akainua uso kutoka kwenye lenzi. "Mwalimu, hapo hapana kitu."

"Hapana pete?"

"Hapana samaki. Umetoka nje ya jiwe."

Mkono wa Kishor ulibaki juu ya kitufe, na kishale kikawa kinatetemeka kidogo ndani ya picha. Leena aligeuka kwenye kiti, maana Kiswahili hakukijua lakini kimya alikisikia.

"Na ile ya kwanza?" Kishor aliuliza.

"Hata ya kwanza. Zote, Mwalimu. Nisamehe."

"Ile trei nyingine nilitoa moja moja," alisema polepole, bado ameinama. "Nilipoambiwa tumepishana nikajua wewe ndiye uliyeona. Nikahesabu hivihivi, nikatoa moja. Nilidhani itanibakiza hapa mwaka mwingine." Akavuta pumzi. "Niliona aibu, Mardhiya. Na niliogopa ile nyumba."

Kisha akainua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukazwa. Alimgeukia Leena, akamwambia kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba namba za trei ya kwanza achukue za Mardhiya, na za trei ya pili zifutwe zote, zisomwe upya, na asome Mardhiya. Zake yeye, za ziwa lile, asitumie hata moja. Leena alitaka kusema kitu cha upole, Kishor akamzuia kwa kiganja.

Akaupapasa mkono wa Mardhiya juu ya meza mpaka akaupata, akauvuta, akauweka kwenye kitufe.

"Haya, msome samaki huyu kwa sauti," alisema. "Na mimi nataka kumjua."

Mardhiya aliinamia lenzi. Aliona mwanga tu, umejaa maji, na ndani yake jiwe limevimba na kupinda halina mwanzo wala mwisho. Alizungusha kitufe mbele, akakirudisha nyuma. Kiini hakikuonekana. Alisikia pumzi zake mwenyewe zikimtoka kwa kwikwi, na ng'ambo ya mashine alimsikia Kishor akingoja, bila haraka.

"Futa machozi basi," mzee alimwambia. "Kwenye hadubini hii asiyeona awe mmoja tu."